Dirisha la Manjano Kwenye Kituo cha Pampu

Machi 4

Leo nimetimiza miezi kumi na mmoja tangu nitoke nyumbani. Nilimwacha mke wangu mjamzito. Mtoto ni wa kike, meno mawili yamekwisha kutoka, nami namjua kwa sauti ya simu tu. Nimeahidi kurudi mvua za mwaka huu zikiisha. Sasa ndiyo kwanza zinaanza.

Kazi yangu ni reki. Kituo kiko pembezoni mwa mji, pale mitaro yote inapokutana. Maji yanapita kwenye wavu wa chuma, yanaingia kisimani, halafu pampu mbili zinayasukuma juu mpaka mtoni. Mimi nasimama juu ya wavu na reki ndefu, nakokota chupa, matambara, majani na viatu. Sijawahi kupata viatu viwili vya jozi moja. Wavu ukiziba au pampu zikisimama, maji yanarudi Bondeni, mtaa ulio chini yetu. Huko ndiko anakokaa Mama Chai, anayetuletea chai asubuhi, pamoja na watoto wake.

Niliishia darasa la tano. Naandika kwa sababu mwenzangu wa chumbani alihama na redio yake, na jioni zimekuwa ndefu.

Machi 7

Mvua. Taka. Reki.

Machi 9

Leo niandike juu ya Shemeji, maana ndiye ninayemwona kuliko mtu yeyote. Kila mtu anamwita Shemeji na hakuna anayejua alimwoa dada wa nani. Yeye ni mwangalizi wa pampu. Anakaa ndani, kwenye kiti, mbele ya skrini. Mimi nimelowa mpaka mifupa, yeye anafuta miwani yake kwa kitambaa.

Nilimwambia, "Kazi yako tamu, Shemeji. Unalipwa kwa kutazama."

Akasema, "Njoo utazame wewe basi, mimi niende nikavue samaki wako wa plastiki."

Kwenye skrini kuna picha ya kipimo cha maji, duara lenye kijani, njano na nyekundu, na mshale. Chini yake kuna pampu mbili. Pembeni kuna kitufe chenye alama ya kuuliza. Ukikibonyeza linafunguka dirisha la msaada, jeupe, limejaa maandishi madogo kama sisimizi, linafunika skrini nzima. Hapa kituoni hakuna anayekibonyeza mbele ya watu. Kuuliza mashine ni kukiri kwamba hujui kazi, na asiyejua kazi hapa hadumu kazini. Shemeji hukibonyeza akiwa peke yake. Akisikia buti zangu, analifunga haraka kama mtu aliyefumaniwa.

Machi 12

Mvua. Nimepata kiatu cha kushoto. Kizuri.

Machi 15

Leo lazima niandike.

Mchana mvua ilishuka kama imekatwa kamba. Nilikokota mpaka mabega yakafa ganzi. Wavu ulikuwa safi, lakini maji kisimani yalikuwa yanapanda ngazi ya chuma, kidato kimoja, kingine, kingine. Nikapiga kelele. Hakuna aliyetoka. Nikakimbilia ndani.

Shemeji alikuwa mlangoni. Paa linavuja juu ya kiti chake, kwa hiyo alikuwa amekisogeza mpaka kizingitini, kikombe mkononi, macho kwenye skrini upande wa pili wa chumba.

"Shemeji, maji yanapanda."

"Mshale uko kwenye kijani," akasema, hana wasiwasi hata kidogo.

Pampu ya pili ilikuwa imesimama. Kwa kelele za mvua kwenye mabati huwezi kusikia kama inanguruma moja au mbili. Tulipoiwasha kwa mkono, kwenye pampu yenyewe, maji yalikuwa yamekwisha kuingia Bondeni. Yalifika magotini. Hakufa mtu. Lakini nilimwona Mama Chai amesimama juu ya meza yake, mtoto mgongoni, magodoro yanaelea miguuni pake, naye anatazama juu kwetu.

Msimamizi alifika jioni, mtu mfupi mwenye sauti ya lori.

"Ulilala," akamwambia Shemeji.

"Sikulala. Mshale ulikuwa kwenye kijani."

"Basi mshale wako unaishi nchi nyingine."

Akaniuliza mimi. Nikasema sijui, nilikuwa kwenye reki. Moyoni niliamini alilala. Nani ambaye hangelala, na kiti chenyewe kina mto?

Machi 16

Msimamizi ameita fundi wa skrini aje aangalie mashine. Mashine ikionekana nzima, Shemeji anaondoka. Akanigeukia: "Na yeye akiondoka, wewe huendi popote. Utakalia kiti chake mpaka nipate mtu mwingine. Labda mwakani."

Sikumpigia simu mke wangu leo.

Machi 17

Mvua ndogo. Mama Chai amekuja kama kawaida. Chai ya kila mtu ina sukari isipokuwa ya Shemeji. Shemeji alipoonja akamtazama Mama Chai. Mama Chai akasema, "Sukari ililowa, mwanangu." Shemeji akainywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

Machi 22

Fundi amekuja. Tulitegemea kijana mwenye begi la nyundo. Akashuka mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, kompyuta yake ndani ya mfuko wa plastiki. Msimamizi akamtambulisha kwetu: huyu ndiye anayepanga madirisha ya msaada. Mama Chai alikuwa anakusanya vikombe. Akasema, "Madirisha gani tena, na paa linavuja?" Hata Fundi akacheka.

Hakugusa mashine kwanza. Alimwambia Shemeji, "Baba, nifanyie siku ile yote. Usiruke kitu." Shemeji aliona haya, lakini akafanya. Akakaa. Akabonyeza alama ya kuuliza mbele yetu sote, masikio yake yamewiva kama mtoto aliyekamatwa na asali. Akasema alitaka kukumbuka njano maana yake nini, akafungua ukurasa wa kusoma kipimo. Kisha paa likaanza kumdondokea, akabeba kiti mpaka mlangoni.

Fundi akamwomba kiti. Akaketi yeye, akashika kikombe cha Shemeji, akatazama skrini.

"Mshale uko wapi?" Msimamizi akauliza.

"Kwenye kijani," Fundi akasema.

Akainuka, akaiendea skrini polepole, akaweka kidole juu ya ule mshale. Haukuwa mshale. Ilikuwa picha. Ndani ya ukurasa wa msaada mtu alikuwa ameweka picha ya kipimo, chenye rangi zake zote, maji yakiwa shwari, ili kufundisha watu kukisoma. Na dirisha lilikuwa limetanda skrini nzima. Kipimo chenyewe, cha kweli, kilikuwa nyuma yake kinapanda kwenye nyekundu, na hakuna aliyeweza kukiona.

Mtu amekaa macho wazi, anatazama maji yaliyotulia, na maji yaliyotulia ni ya siku nyingine.

"Dirisha hili nililipanga mimi," Fundi akasema. "Mezani kwangu, skrini iko karibu na pua, hakuna mvua. Sikuwaza kuna mtu atalitazama kutoka mlangoni."

Msimamizi akakuna kidevu. "Kwa hiyo hakulala."

"Alikuwa macho."

"Bado angesogea akaangalie."

"Angesogea, ndiyo. Na mimi ningeweka picha nyingine."

Msimamizi hapendi mambo yanayogawanyika katikati. Akasema Shemeji atabaki kwenye kiti kwa msimu huu, chini ya macho yake. "Mvua zikiisha, tutaona." Alipotoka nilimtazama Shemeji. Alikuwa anafuta miwani, na kitambaa kilikuwa kinafuta hewa, miwani ikiwa mkono mwingine.

Machi 23

Leo sikushika reki mpaka saa sita, kwa amri ya Fundi. Sijui niyaandikeje niliyoyaona.

Kwanza alisema, "Yaliyoandikwa ndani siyagusi, ni sahihi. Nabadilisha mavazi na milango." Akaunganisha kompyuta yake, akaandika mistari ambayo kwangu ilikuwa kama nyayo za kuku. Kisha dirisha lile jeupe likapungua mbele ya macho yangu. Lilijikunja kutoka kushoto, likasimama kulia kama pazia lililovutwa, jembamba, refu. Kipimo cha kweli kikabaki wazi upande wa kushoto. Akajaribu kulisukuma dirisha juu ya kipimo, likagoma. Alikuwa amelikataza.

"Rangi?" akamuuliza Shemeji.

Shemeji akasema yoyote, ila dirisha lisifanane na kipimo hata kwa bahati mbaya. Fundi akalitia manjano hafifu, mbali na njano kali ya kipimo, kama karatasi iliyokaa juani, na ukingo mnene mweusi kuzunguka. Picha zote za ndani akazivua rangi. Zikawa michoro ya mistari mitupu, kama ya penseli. Mshale wa mchoro hauna kijani wala nyekundu. Ukiwa mlangoni, ukiwa nje, ukiwa hata na chai, hutaudhania kuwa wa kweli.

Ndipo akaniita mimi. "Kaka wa reki, njoo na glavu zako." Akaniambia nibonyeze kitufe cha kurudi nyuma. Glavu yangu ilibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja na dirisha likafungwa kabisa. Nikaomba radhi. Akasema, "Usiombe radhi, ndicho nilichokuwa natafuta." Akavikuza vitufe mpaka kila kimoja kikawa kama kipande cha sabuni. Kile cha kuchapisha akakiondoa, kwa sababu hapa hatuna hata karatasi ya kufutia mikono. Vikabaki Nyuma, Mbele, Mwanzo na Funga, na Funga akakipeleka peke yake mbali pembeni.

Kisha akaniuliza, "Orodha ya mada ungependa ikae wapi?"

Nikadhani anamuuliza mtu nyuma yangu. Nimejenga nyumba za watu, nimechimba misingi, nimebeba makabati ngazi tatu juu, na hakuna siku niliyoulizwa kitu kikae wapi. Nikasema, kwa sauti ndogo, juu. Mtu anayesoma polepole huanza juu. Akaiweka juu. Ukigusa neno "Pampu" linafunguka, watoto wake wanatoka chini yake: haiwaki, haivuti maji, inapiga kelele. Ukiligusa tena wanarudi ndani. Na juu kabisa akaweka mstari mdogo unaoonyesha ulikopitia: mwanzo, halafu pampu, halafu hapa ulipo. Nikagusa neno la katikati, nikarudi katikati. Nikafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Sijapata kuona kitabu kinachokukumbusha mlango ulioingilia.

Kuna mahali pa kutafuta neno. Akatuuliza, pampu ikivuta hewa sisi tunasemaje? Shemeji akasema tunasema inakohoa. Fundi akaandika neno "kukohoa" kwenye faharasa, akalielekeza kwenye ukurasa wenyewe, ambao una jina refu la kitaalamu. Shemeji akaandika kukohoa kwa kidole kimoja. Ukurasa ukaja. Tukatazamana kama watu walioita jina msituni na mtu akaitika.

Machi 24

Kabla ya kuondoka Fundi alifanya jambo la mwisho. Aliizima pampu ya pili makusudi, akamwambia Shemeji abonyeze alama ya kuuliza. Dirisha halikufunguka kwenye ukurasa wa mwanzo kama zamani. Lilifunguka moja kwa moja kwenye ukurasa wa pampu ya pili kusimama.

Nikauliza, "Limejuaje?"

"Halijui kitu," akasema. "Pampu ndiyo inaliambia."

Nimelala na jibu hilo na bado sijalimaliza.

Machi 28

Mvua. Taka. Reki.

Aprili 2

Kila nikipata nafasi ya kupumzika naingia ndani kulitazama. Shemeji hanifukuzi tena wala halifungi. Leo tumesoma pamoja ukurasa wa vali. Yeye anasoma kwa sauti, mimi nafuata kwa kidole cha glavu. Nikikwama ananingoja. Shuleni kwetu aliyekwama alisimama kwenye kona mpaka kengele. Dirisha hili unaliuliza jambo lile lile asubuhi na jioni, na linajibu kwa sauti ile ile. Halina mdomo wa kukusengenya.

Aprili 6

Jua la asubuhi. Kabla ya kazi nimemwona Shemeji akitoka Bondeni, amebeba godoro la Mama Chai kichwani. Analianika ukutani kwetu. Mama Chai anasema kila siku yenye jua analifuata mwenyewe, na jioni analirudisha. Mimi nilimwita mtu wa kutazama tu.

Chai yake bado haina sukari.

Aprili 11

Mvua siku nzima. Mke wangu ameuliza nakuja lini. Nikamwambia mvua zikiisha, tutaona. Akasema, "Hiyo 'tutaona' ni ya nani? Si yako." Ananijua mno.

Aprili 19

Imekuja.

Ilianza asubuhi, chai haijapoa. Msimamizi alikuwepo, alikuja kukagua paa, akafungiwa na mvua pamoja nasi. Nilikuwa kwenye wavu. Mtaro ulileta kila kitu, hata mlango mzima wa mbao, na mlango huo ukajibana kwenye wavu kama umeota hapo. Nilipoutoa nilikuwa nimechelewa. Kisima kilikuwa kimepungukiwa maji upande wa pampu, na pampu ya pili ikameza hewa. Nikaisikia inakohoa hata kwenye ile mvua, kikohozi kikavu cha chuma, halafu kimya. Maji yakapita wavu kwa nguvu, kisima kikaanza kujaa.

Nikaingia mbio. Kipimo kilikuwa njano, kinapanda. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Shemeji, mikono kiunoni.

"Iwashe," akasema.

Shemeji akaiwasha. Ikakohoa, ikazima.

"Iwashe tena."

Kidole cha Shemeji kilikuwa juu ya kitufe cha kuwasha. Nilikiona kinasita. Kubonyeza tena kungempendeza Msimamizi. Kubonyeza alama ya kuuliza, mbele ya mtu aliyeshika riziki yake, kulikuwa ni kusema sijui. Shemeji alivuta pumzi, akahamisha kidole, akabonyeza alama ya kuuliza.

Dirisha la manjano likasimama kulia. Kushoto, mshale wa kweli uliendelea kupanda na sote watatu tuliuona. Ukurasa ulikuwa wenyewe: pampu ya pili, haivuti maji. Msimamizi akafungua mdomo. Shemeji hakugeuka. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama tulivyozoea.

"Usiiwashe tena kabla ya kutoa hewa. Funga vali ya kutokea."

Nikakimbilia vali. Nilijua ilipo, nilikuwa nimeigusa kwenye mchoro kwa kidole. Nikaizungusha mpaka ikakaza.

"Tayari," nikapiga kelele.

"Legeza skrubu ya hewa, juu ya tumbo la pampu. Ngoja mpaka yatoke maji matupu."

Hewa ikatoka inapiga mluzi. Kisha povu. Nikangoja. Kungoja huko sitakusahau. Kupitia dirisha la ukutani niliiona Bondeni yote, watu wametoka milangoni, Mama Chai amemweka mtoto mgongoni na mwingine anamshika sketi, anatazama juu kwetu kama siku ile. Povu, povu, povu. Halafu maji matupu, bila povu, yakanipiga usoni.

"Maji."

"Kaza skrubu. Washa. Fungua vali kidogo kidogo."

Pampu ikanguruma. Nikafungua vali kidogo, kidogo tena, na bomba likaanza kutetemeka mikononi mwangu kama mnyama aliyeamka. Mshale ulikuwa umegusa nyekundu. Ukakaa hapo. Ukakaa, ukakaa, kisha ukaanza kurudi.

Shemeji akabonyeza Funga, kile cha pembeni, kwa kidole kimoja. Maji hayakufika mlango hata mmoja wa Bondeni.

Msimamizi alisimama pale kitambo, anatazama mahali dirisha lilipokuwa. Kisha akasema, "Ule mstari wa juu, unaoonyesha umetoka wapi. Unaugusaje?"

Shemeji akampisha kiti.

Aprili 20

Chai ya Shemeji imekuja na sukari. Nyingi, mpaka kijiko kilitaka kusimama. Mama Chai akasema, "Imekauka."

Aprili 27

Mvua ndogo. Viatu viwili, vyote vya kulia.

Mei 9

Mawingu yapo lakini hayana kitu mfukoni. Msimamizi amesema Shemeji anabaki. Hakusema kwa sherehe. Alisema, "Mafundi wa paa wanakuja Jumatatu, uwafungulie," na mtu anayefukuzwa haambiwi awafungulie watu milango. Shemeji alitoka nje, akazunguka nyuma ya kituo, akarudi macho mekundu akisema vumbi. Kila kitu hapa kimelowa, vumbi litoke wapi.

Mei 16

Nimeomba likizo. Msimamizi akauliza nani atashika wavu. Shemeji akajibu kabla yangu, "Mimi. Na akija mgeni wa kukaa kwenye kiti, dirisha lipo, nitamfundisha kuuliza." Msimamizi akaniruhusu.

Mei 25

Leo wavu umekauka nusu. Nimeingia kumuaga Shemeji, nikabonyeza alama ya kuuliza mara moja ya mwisho, bila shida yoyote, nilitaka tu kuliona likifunguka. Likasimama upande wake, halikuziba kitu, likaningoja nitake nini. Sikutaka kitu. Nikalifunga.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia nitafika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, kabla ya jua kuzama, labda barabara ikatae. Nimemwomba asimsukumie mtoto mikononi mwangu wala kumwambia huyu ni baba. Nitakaa kando, mahali anaponiona na bado anamwona mama yake. Akitaka kujua mimi ni nani, atakuja kuuliza. Jumamosi hiyo, na kila siku ya likizo yangu, nitakuwepo hapo.